Basi si stoo: laini, akaunti na picha zako zinakaa wapi

Mama mmoja wa Kiwira aliingia stesheneri kwangu hapa Uyole, Mbeya, kajifunga khanga mbili kwa baridi ya mwezi wa saba, akaweka kaunta simu mpya ambayo bado ina nailoni kwenye kioo. Nikamwamkia, akaitika. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa watu wengi: "Mwanangu, laini nimerudisha. Mbona mzee hajarudi?"

Mzee ni marehemu mumewe. Simu ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa palepale. Ndani yake kulikuwa na picha za mzee pamoja na sauti zake, zile za WhatsApp ambazo mtu anabonyeza na kuongea akiwa shambani. Mama alikwenda duka la kampuni ya simu, akaweka kidole, akapewa kadi mpya yenye namba yake ileile. Salio likarudi. Pesa zake za kwenye simu zikarudi zote. Alipofungua WhatsApp, grupu la ukoo likarudi, la kwaya likarudi. Meseji hakuna, picha hakuna, sauti ya mzee hakuna.

Swali lake nimeulizwa na wanafunzi wa chuo, walimu, hata fundi mwenzangu mmoja. Wala si la kuchekwa. Ukikaa upande wake wa kaunta, hoja ina uzito: kama fedha imerudi, picha imeshindwa nini?

Fedha ilirudi kwa sababu haikuwahi kuwa ndani ya simu. Iko kwenye daftari la kampuni, na laini ni kama kile kitambulisho unachoonyesha ili mwenye daftari afungue ukurasa wako. Simu ikizama, daftari halijalowa. Magrupu nayo ni hivyohivyo: orodha ya wanachama inakaa kwenye mitambo ya WhatsApp, ukiingia kwa namba yako inakuona, inakurudisha kwenye kiti chako. Lakini maneno yaliyosemwa wakati ule yalikuwa ndani ya simu iliyozama. Majina ya watu yanagawanyika: yaliyohifadhiwa kwenye kadi ya laini yamekwenda na kadi, yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google yanarudi akaunti ikifunguliwa. Ndiyo maana mtu anarudisha laini akapata nusu ya majina na asielewe nusu nyingine imekwenda wapi.

Hapo ndipo uzi ulipojikunja. Tunasema "simu yangu" tukimaanisha vitu vitatu vyenye wenyewe tofauti. Kuna laini, ambayo ni namba ya kampuni uliyopewa kuitumia. Kuna akaunti, ambayo ni mlango wa kuingilia kwa watu wa Google au WhatsApp au Facebook. Na kuna mafaili yenyewe, yaani picha, sauti na maandishi, ambayo lazima yawe yamekaa juu ya kitu fulani mahali fulani. Kurudisha kimoja hakurudishi kingine.

Nikamweleza mama kwa habari ya basi, maana watu wa huku hatuhitaji kufundishwa mzigo wa basi. Unapeleka gunia la mchele wa Kyela stendi, kondakta anaandika kwa maki peni namba ya mpokeaji, kesho yake mpokeaji analifuata Mbezi, stendi ya Magufuli. Hakuna anayemrudia kondakta mwaka wa pili kudai mchele uleule. Basi si stoo.

WhatsApp ni basi. Meseji inafungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na njiani mwenye basi hawezi kuchungulia ndani. Ikishafika, inaondolewa kwenye mitambo. Simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa, mzigo unasubiri hadi siku 30, baada ya hapo unatupwa. Kwa hiyo mtu anaponiambia "picha ipo, iko WhatsApp," mimi huuliza: kwenye simu ya nani?

Ila basi hili lina jambo moja zuri kuliko mabasi yetu. Ukituma gunia, kwako halibaki. Ukituma picha, inabaki kwako na inafika kule. Basi nikamuuliza mama swali ambalo ndilo lililotusaidia baadaye: mzee alikuwa anawatumia kina nani?

Kabla ya kufika huko, niseme kuhusu simu iliyozama, maana watu wanapoteza fedha hapo. Wengi wanadhani fundi anaweza kung'oa kumbukumbu ya ndani na kuipachika kwenye simu nyingine. Kwa simu za miaka ya karibuni haiwezekani kirahisi. Yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu hiyohiyo, kwa hiyo njia ni fundi kuifufua simu yenyewe, hata kwa nusu saa, ili mafaili yahamishwe. Simu ya mama ilikuwa imeshinda siku nne ikianikwa juani na kuzikwa kwenye mchele, na kila jioni mjukuu anajaribu kuiwasha. Umeme juu ya unyevu ndio ulioimaliza. Ikizama, usiiwashe, usiichaji, ipeleke kwa fundi siku ileile. Kama ilikuwa na memori kadi na picha zilikuwa zinaingia humo, una bahati: kadi inachomolewa, inakaushwa, mara nyingi inasomeka. Ya mama haikuwa nayo.

Sasa nakala ya akiba. WhatsApp ina nakala za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoliza watu. Ya kwanza inatengenezwa kila usiku, mida ya saa nane, ndani ya simu yenyewe. Inasaidia ukifuta programu kwa bahati mbaya, lakini simu ikizama nayo inazama. Ya pili inapelekwa Google, kwa wenye Android, na hii lazima uiwashe mwenyewe na uchague iende lini. Ili uirudishe unahitaji vitu viwili kwa pamoja: namba ileile, na akaunti ileile ya Google. Na kama uliwahi kuweka ile PIN ya tarakimu sita ya kulinda WhatsApp yako, uikumbuke. Ambaye hajaiweka namshauri aiweke, maana ndiyo inayomzuia tapeli aliyekudanganya umtajie kodi, yaani ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji, asiingie kwenye WhatsApp yako na kuanza kuwakopa shangazi zako.

Namba mama alikuwa nayo. "Akaunti ya Google je, mama?" Akanitazama. "Alinifungulia kijana aliyeniuzia simu."

Nikaweka kalamu chini. Nadhani kilio kikubwa cha picha huku kwetu hakitokani na maji wala wizi. Kinatokana na kijana aliyeuza simu. Unanunua simu mpya, inaomba akaunti, wewe una haraka ya kuwahi gari la Tukuyu, kijana anabonyeza mwenyewe: jina lolote, mwaka wa kuzaliwa wowote, neno la siri analolijua yeye, tena pengine ni lilelile kwa wateja wake wote. Unaondoka na simu inayofanya kazi. Miaka mitatu picha zako zote zinapanda kwenye akaunti ile bila wewe kujua. Siku simu ikifa, picha zipo, salama kabisa, nyuma ya mlango ambao jina lake hulijui. Na Google imeweka utaratibu kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Ufutaji huo ulianza Desemba 2023.

Dawa yake ni ya dakika tano, kabla simu haijafa. Fungua mipangilio, angalia anuani ya baruapepe iliyopo, iandike kwenye daftari. Badilisha neno la siri liwe lako. Weka namba yako na namba ya mtu wa pili unayemwamini kama njia ya kurudishia akaunti. Daftari weka pale unapoweka hati ya shamba. Vijana hucheka nikitaja daftari, lakini daftari haliishiwi chaji.

Tuseme akaunti ni yako. Bado kuna nafasi. Google inatoa bure GB 15, zinazogawanywa kati ya baruapepe, mafaili na picha. Picha zilizopandishwa kuanzia Juni 2021 zinahesabiwa humo, na nakala za WhatsApp, ambazo zamani zilikuwa bure, siku hizi nazo zinahesabiwa. Ukizidisha, nakala mpya haziendi tena, na simu inakuonya kwa ujumbe ambao wote tunaufuta bila kusoma. Kinachojaza GB 15 za mtu wa Mbeya nimekiona mara nyingi: maua ya "asubuhi njema", video za mahubiri zilizotumwa na watu saba tofauti, na michango ya harusi zilizokwisha kupata watoto. Zima upakuaji wa kujiendea kwenye mipangilio ya WhatsApp na utaokoa nafasi pamoja na bando.

Kisha kuna hili la kufuta, ambalo limewatoa watu machozi mbele yangu. Programu ya picha ya Google haihifadhi kama kabati ambalo umeweka nakala na kuondoka. Inalinganisha: kilichopo kwenye simu na kilichopo kwenye akaunti vinatembea pamoja. Ukiona simu imejaa ukaingia humo ukafuta picha mia, ukijiambia "kule juu zipo," umezifuta na kule juu. Zinakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu basi. Kuna kitufe kingine, cha kuongeza nafasi, ambacho kinaondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupandishwa na kuziacha kwenye akaunti. Vitufe hivi viwili havipo mbali, ila kimoja ni kuhamisha mahindi ghalani na kingine ni kuyachoma. Tena programu hiyo kwa kawaida inachukua picha ulizopiga kwa kamera yako. Folda ya WhatsApp inaachwa mpaka uingie uiruhusu.

Huko "juu" tunakuita wingu. Sisi wa Mbeya neno hili linatuchanganya, maana wingu tunalijua, linashuka kutoka mlima Loleza asubuhi mpaka mlangoni. Wingu la picha ni majengo yenye kompyuta nyingi, mengi yakiwa nje ya nchi, na njia ya kufika huko ni waya. Kutoka kwetu unapita Mkongo wa Taifa, ule unaofika hadi mipaka ya Tunduma na Kasumulu, unashuka Dar es Salaam, kisha unaingia baharini kwenye nyaya kama SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy ya 2010. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya hizo mbili zilikatika upande wa kusini, baharini huko karibu na Afrika Kusini. Upande wa kaskazini nao ulikuwa umekwisha kuathirika, kwa nyaya zilizoharibika Bahari ya Shamu mwezi Februari. Ilikuwa Siku ya Mama, watu wanataka kutuma picha za mama zao, na picha haziendi. Intaneti ikasuasua siku kadhaa. Siku zile nilijua nani ana picha na nani ana mlango tu wa kuendea picha.

Ndiyo sababu nang'ang'ania nakala ya pili unayoweza kuishika. Wapiga picha wana kanuni waliyoizoea kutoka kwa mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa maisha yetu: kwenye simu, kwenye akaunti, na kwenye flashi aliyonayo dada yako Mafinga. Tahadhari ni kwenye ununuzi. Zipo memori kadi na flashi zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani ni GB 8, zimechezewa ili zidanganye kompyuta. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, majina yote unayaona, lakini ukifungua ya mwisho hayafunguki, na wakati mwingine yamekalia yale ya kwanza. Niliwahi kuuziwa moja nami, mimi ninayeandika haya, kwa bei iliyonifurahisha. Ukinunua, ijaze mpaka pomoni siku ileile na ufungue faili la mwanzo, la katikati na la mwisho. Isipokubali, unarudi kwa muuzaji wakati bado anakukumbuka sura.

Kupanga sasa. Hapa watu hudhani kunahitaji programu za kulipia, wakati kunahitaji majina. Faili la picha iliyopokelewa WhatsApp kwenye Android linaitwa kitu kama IMG-20240512-WA0003. Herufi za mwanzo zinasema ni picha, tarakimu nane ni mwaka, mwezi na siku, WA ni WhatsApp, na za mwisho ni namba ya foleni ya siku hiyo. Sauti zinaanza na PTT. Unaweza kudhani basi tarehe umeipata. La. Hiyo ni siku picha ilipofika kwako, maana tarehe ya kweli ya kupigwa, iliyokuwa imefichwa ndani ya faili, WhatsApp huiondoa njiani. Picha ya harusi ya 2009 ikitumwa leo kwenye grupu la ukoo inakuwa ya leo, inapangwa katikati ya picha za leo. Ukitaka tarehe ya asili ibaki, mwambie mtumaji aitume kama faili, kwa njia ile tunayotumia kutuma barua za ofisini. Hata ubora wake hautapungua.

Mimi huanza jina na mwaka, kisha mwezi, kisha mahali na jambo: 2019-08 Tukuyu kipaimara. Mwaka ukitangulia, simu na kompyuta zinazipanga zenyewe kwa mfuatano wa miaka. Ukitanguliza siku, tarehe moja za miezi yote zinakaa pamoja kama abiria wa mabasi tofauti. Sauti ndizo za kuwahi kupewa jina, maana picha angalau ukiitazama unaikumbuka. Sauti lazima uisikilize yote, na mia tatu za namna hiyo hakuna atakayezisikiliza.

Wa Iringa watanielewa nikisema kuwa kitu kisicho na jina kwenye ghala la mtu mwingine ni kama kimepotea, hata kama kipo. Chifu Mkwawa wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani, alifariki Julai 1898 na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa Uingereza. Lilifika Kalenga, karibu na Iringa, 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilitafuta kwenye makumbusho ya Bremen katikati ya mafuvu mengi, na lililochaguliwa lilipatikana kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa zake. Mpaka leo wapo wanaouliza kama ndilo. Sifananishi msiba ule na picha za simu, nitakuwa sina adabu. Nasema tu kwamba maandishi mafupi ya mtu aliyejua, yakikosekana, wajukuu wanabaki kupima kwa rula.

Kuhusu namba ya simu nitasema kwa kifupi, maana watu wameanza kuelewa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inafungwa, na baadaye namba inauzwa kwa mtu mwingine. Huyo mtu mpya akifungua WhatsApp kwa namba yako ya zamani, ndugu zako watadhani ni wewe, na kama akaunti zako bado zinatuma kodi kwenye namba ile, zinamfikia yeye. Kwa hiyo ukibadilisha namba, anza kwenye akaunti, ndipo utangaze kwenye magrupu. WhatsApp yenyewe ina sehemu ya kubadilisha namba inayohamisha akaunti na magrupu yako pamoja. Ukitaka kuhama mtandao kwa sababu huko kwenu Makete mnara wa kampuni yako haushiki, tangu 2017 unaweza kuhama na namba yako, huna haja ya kuitupa. Na kila baada ya miezi kadhaa bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, kairipoti.

Tulirudi kwenye swali la mzee alikuwa anawatumia kina nani. Mama akahesabu kwa vidole: kijana wao Tunduma, shemeji Makambako, mzee wa kanisa. Tukapiga simu palepale, kwa kuongea. Kijana wa Tunduma alikuwa na mazungumzo yake na baba tangu 2018, hajawahi kufuta kitu, tabia ambayo siku nyingine ningemgombeza. Kwa shemeji zilikuwepo sauti tu, kumi na moja, nyingi zikiulizia bei ya mbolea. Mzee wa kanisa alikuwa amebadilisha simu mara mbili, kwake hapakuwa na kitu.

Picha na sauti walizotutumia zilipoingia, nikazihamishia kwenye kompyuta, nikampa mama kiti, tukaanza kuzipa majina moja baada ya nyingine. Tarehe za kwenye mafaili zilikuwa za leo zote. Kwenye moja, mzee amesimama katikati ya matuta ya viazi, jembe begani, mbwa amekaa mguuni.

"Hii ni mwaka gani, mama?"

Akafikiri. "Mdogo wao alikuwa la nne. Ndiyo mwaka tulioezeka jiko."

Tukahesabu kurudi nyuma kutoka alipomaliza kidato, tukaangukia 2016. Nikaandika: 2016 Kiwira, mzee shambani kwenye viazi. Nikamsomea.

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akasogeza kiti karibu na kioo. "Ongeza na mbwa. Alikuwa anaitwa Simba."